Historia ya Ruhusa ya Kupiga Picha katika Reli ya Chini ya Ardhi ya New York

Abiria alipaye nauli hununua haki ya kuchukuliwa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Hapana ashakaye kwamba hupata pia haki ya kutazama: huwatazama wenzake waliokaa mbele yake, huyasoma matangazo, huiona njia ikikimbia gizani. Lakini je, anayo haki ya kukihifadhi alichokitazama, akaenda nacho nyumbani, akawaonyesha watu wasiokuwapo? Tangu sinema ilipoanza, swali hili limeulizwa katika nchi nyingi zenye reli, mabasi na viwanja vya ndege, wala halijajibiwa kwa namna moja. Katika mji wa New York limeulizwa kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja. Majibu yake yamegeuka mara nyingi, tena yameacha ushahidi uwezao kutazamwa hata leo, yaani picha zenyewe. Kwa sababu hiyo historia ya mji ule ni mfano mwema kwa mtu atakaye kufahamu ruhusa ni kitu gani, hutolewa na nani, na thamani yake ni nini.

Yafaa kwanza kuyapambanua maneno, kwani Kiswahili kina maneno kadha kwa jambo ambalo kwa juu juu laonekana kuwa moja. Ruhusa na idhini yote mawili yametoka katika Kiarabu. Ruhusa ni neno pana: mtoto huomba ruhusa kwa mamaye, na mfanya kazi kwa mkubwa wake. Idhini ina uzito zaidi, kwa kuwa ni kauli ya mwenye mamlaka au mwenye mali. Kibali ni ndugu wa neno kukubali. Mtu hupata kibali kwa watu au mbele ya Mungu, yaani hupendeza akakubaliwa, lakini katika maofisi neno hili limekuwa jina la karatasi. Leseni, iliyotoka katika Kiingereza, ni karatasi pia, na aghalabu hulipiwa. Na nje ya maneno haya yote lipo neno hodi, ambalo haliandikwi katika karatasi yoyote. Mgeni husimama mlangoni akapiga hodi, naye hangojei muhuri bali hungoja sauti ya mwenye nyumba. Msomaji ataona kwamba historia ya New York ni safari ndefu kutoka ruhusa ya mdomo hadi kibali cha karatasi, na kwamba hodi ilikuwa karibu kusahauliwa njiani.

Mwanzo: mapatano ya makampuni mawili

Reli ya chini ya ardhi ya New York ilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904. Njia ilijengwa kwa fedha za mji, lakini treni ziliendeshwa kwa mkataba na kampuni iliyoitwa Interborough Rapid Transit Company. Nauli ilikuwa senti tano. Miezi saba haijatimia tangu siku ya ufunguzi, mpiga picha G. W. Bitzer wa kampuni ya American Mutoscope and Biograph alishuka chini na mtambo wake wa sinema. Bitzer ndiye ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa kumpigia picha mtengenezaji sinema D. W. Griffith. Tarehe 21 Mei 1905 alipiga picha ya safari kutoka kituo cha 14th Street hadi kile cha 42nd Street, nayo imehifadhiwa mpaka sasa.

Namna picha ile ilivyopigwa yastahili kuelezwa, maana ndani yake mna jibu la kwanza la swali letu. Mtambo uliwekwa mbele ya treni iliyokuwa ikiifuata treni nyingine katika njia hiyo hiyo. Shimo lilikuwa giza, na filamu za siku zile zilihitaji mwanga mwingi sana. Kwa hiyo gari la tatu, lililotengenezwa makusudi na kujazwa taa, lilikwenda sambamba katika njia ya pili likiimulika treni ya mbele. Hivi mtazamaji aona mgongo wa treni ukimtangulia, nguzo zikipita mbio, mwanga ukifichwa na kufunuliwa na nguzo zile, na mwishowe kituo chenye watu.

Kazi kama hiyo haikuwezekana kufanywa kwa siri. Vyombo vitatu katika njia mbili havikuweza kwenda mwendo mmoja bila ya amri ya wenye reli. Ruhusa ya kwanza, basi, ilikuwa mapatano baina ya makampuni mawili, wala si vigumu kuona jinsi kila upande ulivyoweza kufaidika: mmoja ulipata ajabu ya kuwauzia watazamaji, na mwingine ulipata picha ya kuwatoa hofu wale waliosita kuingia chini ya ardhi. Katika mapatano ya namna hii abiria hana sehemu. Yeye huonekana akitelemka na kupita kituoni, kofia kichwani, kama sehemu ya mandhari.

Picha za siri: Walker Evans

Zaidi ya miaka thelathini baadaye jambo hili liligeuka juu chini. Kati ya mwaka wa 1938 na wa 1941 mpiga picha Walker Evans alipanda treni zile mara nyingi, hasa katika siku za baridi, akiwa amevaa koti zito. Ndani ya koti alificha kamera ndogo ya filamu ya milimita 35. Jicho la kamera lilichungulia kati ya vifungo, na waya wa kufyatulia ulipita katika mkono wa koti mpaka kiganjani. Hakuweza kuangalia katika kamera alipopiga, wala hakutumia taa. Alikaa tu kama abiria mwingine, akamngoja aliyekaa mbele yake mpaka uso wake utulie.

Nyuso alizozipata si nyuso za watu wanaojua kwamba wanapigwa picha. Ni nyuso zilizochoka, zilizowaza, zilizosinzia, za watu waliovua ule uso ambao kila mtu huuvaa mbele ya wenzake. Evans hakuomba idhini ya wenye reli wala ya wenye nyuso. Wenye reli hawakupungukiwa na kitu. Lakini wenye nyuso walichukuliwa jambo ambalo hawakulitoa. Hapa lugha ya Kiswahili yasema kweli bila kukusudia. Picha hupigwa, na aliye mbele ya kamera amepigwa picha, kama vile mtu apigwavyo kofi au muhuri. Ni kweli kwamba kitenzi piga hutumika katika Kiswahili kwa mambo mengi yasiyo na ukali wowote, kama kupiga mbizi, kupiga pasi na kupiga hodi yenyewe. Hata hivyo, katika habari ya mtu asiyejua kwamba yuko mbele ya kamera, maana ya kutendwa yaonekana wazi kuliko katika lugha zisemazo kwamba picha huchukuliwa.

Evans mwenyewe hakuzitoa picha zile upesi katika kitabu. Kitabu chake, Many Are Called, kilitoka mwaka wa 1966, yapata miaka 25 baada ya kumaliza kazi. Muda ule uliwaficha abiria wale kwa njia yake: mavazi yalikuwa yamepitwa na wakati, na nyuso zilikuwa zimezeeka au zimeondoka duniani. Kungoja si sawa na kupiga hodi, lakini ni namna ya haya, na haya ni msingi wa adabu. Lakini mtu hawezi kukana kwamba laiti Evans angaliomba ruhusa, kitabu kile kisingalikuwapo, na ulimwengu usingalijua jinsi watu wa mji mkubwa walivyokaa kimya pamoja katika miaka ile ya taabu iliyotangulia vita kufika nchini mwao.

Haikuwa yeye peke yake. Baada ya vita, mwaka wa 1946, Stanley Kubrick, ambaye baadaye alikuwa mtengenezaji sinema mashuhuri, naye akiwa kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane tu, alipiga picha za abiria wa usiku kwa ajili ya gazeti la Look, nazo zilitolewa mwaka wa 1947. Kamera zilikuwa zimekwisha kuwa ndogo. Mapatano ya makampuni hayakuwa tena mlango pekee wa kuingilia.

Mwenye reli ni nani?

Wakati huo huo mwenye reli alikuwa akibadilika. Mwaka wa 1940 mji wa New York uliyanunua makampuni yaliyoendesha treni, ukaziunganisha njia zote chini ya mkono wake. Mwaka wa 1953 kazi ilikabidhiwa mamlaka maalum, New York City Transit Authority, na mwaka wa 1968 mamlaka hiyo iliwekwa chini ya shirika kubwa la usafiri la jimbo. Mabadiliko haya yaliigeuza maana ya ruhusa, ingawa hapana aliyeyatangaza hivyo. Mwaka wa 1905 aliyeomba ruhusa alimwomba mwenye biashara, na mwenye biashara aweza kukataa apendavyo. Baada ya 1940 reli ilikuwa mali ya umma. Aliyeomba ruhusa alikuwa kama mtu aombaye ruhusa ya kuingia katika shamba ambalo yeye mwenyewe ni mmoja wa warithi wake.

Kwa watengenezaji sinema tabu kubwa ilikuwa wingi wa milango. Aliyetaka kupiga picha katika barabara za New York alihitaji vibali vingi kutoka idara mbalimbali, na mahali pengine napo palihitaji kibali chake. John Lindsay, aliyeanza kazi ya Meya mwezi wa Januari 1966, aliweka katika mwaka huo huo ofisi moja ya kushughulikia sinema, ili mwombaji apate kibali kimoja badala ya vingi. Lilikuwa jambo la busara na la faida, kwani kazi za sinema ziliongezeka sana mjini baada ya hapo.

Lakini reli ilibaki na mlango wake. Mwaka wa 1967 ilitoka sinema iitwayo The Incident, iliyoongozwa na Larry Peerce, inayosimulia habari za wahuni wawili wanaowatesa abiria wa behewa moja usiku, na jinsi abiria wanavyoogopa kusaidiana. Mamlaka ya reli ilikataa kutoa ruhusa. Waliotengeneza sinema ile walijenga behewa katika chumba cha kupigia sinema, na picha walizozihitaji za reli yenyewe walizipiga kwa kamera zilizofichwa. Katika miaka hiyo hiyo mchezo wa Dutchman wa mwandishi Mwamerika Mweusi LeRoi Jones, aliyejulikana baadaye kwa jina la Amiri Baraka, uligeuzwa kuwa sinema. Habari zake zote zatukia ndani ya treni ya New York, kati ya kijana mweusi na mwanamke mweupe, na mwisho wake ni mauaji. Sinema ile ilipigwa Uingereza, katika behewa la kujengwa. Hivyo hadithi mbili kali kabisa za miaka ile juu ya treni za New York, moja juu ya woga na moja juu ya ubaguzi wa rangi, hazikutengenezwa ndani ya treni zile.

Bei ya ruhusa

Kisa kinachofundisha zaidi kuliko vyote ni kile cha sinema ya The Taking of Pelham One Two Three, iliyotolewa mwaka wa 1974 na kuongozwa na Joseph Sargent. Ilitokana na kitabu cha John Godey kilichotoka mwaka wa 1973, kinachosimulia jinsi watu wanne wenye silaha walivyoiteka treni ya abiria na kudai fedha. Mamlaka ya reli ilikataa mwanzoni, kwa hofu kwamba wendawazimu au wahalifu wangeiga waliyoyaona. Hofu hiyo haikuwa ya upuuzi, kwani miaka ile ilikuwa miaka ya utekaji wa ndege, na watu walikuwa wameona jinsi kosa moja linavyozaa jingine. Mwishowe, kwa msaada wa Meya Lindsay, ruhusa ilipatikana. Lakini ilikuwa na bei.

Bei ya kwanza ilikuwa fedha: dola 250,000 kwa matumizi ya njia, kituo, magari na wafanya kazi, na juu yake bima ya dola milioni 20, pamoja na bima maalum ya kukinga madhara ya mtu mwenye akili punguani atakayeiga. Bei ya pili ilikuwa mahali. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa katika kituo cha Court Street huko Brooklyn, kilichofunguliwa mwaka wa 1936 na kufungwa mwaka wa 1946 kwa uchache wa abiria. Kituo kisicho na abiria ni kituo kizuri kwa sinema, kwa kuwa hapana wa kusumbuliwa wala wa kuulizwa. Tangu mwaka wa 1976 kituo kile kimekuwa nyumba ya makumbusho ya usafiri wa mji.

Bei ya tatu ndiyo iliyo muhimu kwa mwana historia. Mamlaka ilidai kwamba treni zitakazoonekana ziwe safi, zisiwe na maandishi ya rangi ambayo vijana walikuwa wakiyachora. Kwa kweli katika mwaka wa 1973 maandishi yale yalikuwa yamekwisha kuenea katika magari mengi, ndani na nje. Basi mtu atakayetaka kujua treni za New York zilikuwaje katika mwaka ule, akaitazama sinema ile tu, atadanganyika. Ataiona treni ya kweli, katika reli ya kweli, lakini hali ya treni ile si ya kweli. Behewa la kujengwa la The Incident halikumdanganya mtu juu ya hali ya magari, kwa kuwa halikujidai kuwa gari. Bali treni halisi iliyosafishwa kwa sharti la kibali yaweza kumdanganya hata mtu mwangalifu.

Sura halisi ya magari yale imehifadhiwa na watu wengine. Martha Cooper na Henry Chalfant waliyapiga picha kwa miaka kadha, wakatoa kitabu cha Subway Art mwaka wa 1984. Na Chalfant pamoja na Tony Silver walitengeneza sinema ya Style Wars, iliyotolewa mwaka wa 1983. Gari la mwisho lenye maandishi liliondolewa katika kazi mwezi wa Mei 1989. Tangu siku ile maandishi yale hayapo tena ila katika picha. Mtu aweza kuyachukia, kwani yaliwaudhi abiria wengi na kugharimu fedha nyingi kuyafuta. Lakini kama wangalikuwapo wapiga picha wa kibali peke yao, sehemu hii ya maisha ya mji ingalifutwa mara mbili, katika magari na katika kumbukumbu.

Viwanja vya ndege: sheria ya namna nyingine

Hapa yapasa kutazama kando kidogo, kwa sababu viwanja vya ndege vilifuata njia tofauti na ya reli. Reli ilikua kama mali ya biashara, na ruhusa yake ikaanza kwa mapatano. Usafiri wa ndege ulipoanza kuwekewa sheria za mataifa, dola zilikuwa zimetoka vitani, na vita vilikuwa vimeonyesha kwamba kamera iliyo angani ni silaha. Mkataba wa Paris wa mwaka wa 1919 uliipa kila nchi uwezo wa kukataza au kuwekea sharti kamera katika ndege zipitazo juu ya ardhi yake, na Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944 ukalirudia jambo hilo katika kifungu cha 36. Nchi za Afrika ya Mashariki nazo zimo katika Mkataba wa Chicago. Maneno ya kifungu kile yahusu kamera zilizo katika ndege. Lakini mawazo yaliyo nyuma yake, kwamba picha ya mambo ya ndege ni jambo la ulinzi wa nchi, yameshuka chini mpaka katika viwanja vyenyewe.

Mwezi wa Novemba 1921 ungekuwa mapema mno kwa kisa kifuatacho. Kilitukia mwezi wa Novemba 2001, katika mji wa Kalamata, Ugiriki. Waingereza 12 na Waholanzi 2, ambao furaha yao ilikuwa kuzitazama ndege na kuziandika namba zake, walikamatwa wakati wa maonyesho ya ndege katika kiwanja cha kijeshi. Walikaa kizuizini kwa majuma kadha, wakahukumiwa mwezi wa Aprili 2002, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo wakaachiliwa na mahakama ya rufani. Kwa wenyewe lilikuwa jambo la mchezo. Kwa walinzi lilikuwa upelelezi. Pande zote mbili zilitazama daftari zile zile.

Katika hali hiyo si ajabu kwamba Steven Spielberg, alipotengeneza The Terminal, iliyotolewa mwaka wa 2004 na kusimulia habari za msafiri aliyekwama katika kiwanja cha John F. Kennedy cha New York, alijenga ukumbi mzima wa abiria ndani ya jengo kubwa la kuwekea ndege huko Palmdale, California, na sehemu nyingine akazipigia katika kiwanja cha Mirabel, Kanada. Kilichotokea kwa behewa moja katika mwaka wa 1967 kilitokea sasa kwa kiwanja kizima.

Baada ya mwaka wa 2001

Mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001 yalikaribia kuiingiza reli katika sheria ya viwanja vya ndege. Mwaka wa 2004 mamlaka ya reli ya New York ilipendekeza kukataza kabisa upigaji picha katika treni na vituo, isipokuwa kwa waandishi wa habari na wenye kibali. Wapiga picha na abiria walilipinga pendekezo hilo, na wengine wao walipanda treni kwa pamoja wakiwa na kamera zao mikononi, wakapigana picha wao kwa wao mchana kweupe. Mwezi wa Mei 2005 pendekezo likaachwa. Kanuni iliyobaki yasema kwamba picha zaweza kupigwa, mradi mtu asizuie kazi ya treni, wala asitumie taa za ziada, vioo vya kurudisha mwanga au miguu mitatu ya kusimamishia kamera.

Katika mwezi ule ule wa Mei 2005 mtengenezaji sinema wa Kihindi, Rakesh Sharma, alizuiwa na polisi katika barabara za New York alipokuwa akipiga picha za magari ya teksi kwa kamera ya mkononi, bila kibali. Alipeleka shauri mahakamani mwaka wa 2006. Mji ukaahidi kuandika kanuni, kwa maana mpaka wakati ule hapakuwa na maandishi yaliyo wazi ya kusema ni nani ahitajiye kibali na ni nani asiyehitaji. Kanuni za kwanza, zilizotangazwa mwaka wa 2007, zilitaka watu wawili au zaidi wakaao na kamera mahali pamoja kwa zaidi ya nusu saa wawe na kibali, pamoja na bima ya dola milioni moja. Watu walipiga makelele, na haki ilikuwa yao, kwani kwa kanuni ile hata mume na mke waliokuja kutembea wangaliweza kuhitaji bima. Kanuni zikaandikwa upya, na mwaka wa 2008 ikakubaliwa kwamba atumiaye kamera ya mkononi, au kamera juu ya miguu mitatu, bila kuziba njia, hahitaji kibali.

Tofauti iliyofikiwa kwa safari hii ndefu ni ya hekima. Haiulizi mtu anapiga picha ya nini, wala ataitumiaje. Yauliza tu ameleta mzigo gani na amewazuia watu gani. Mwenye taa kali aweza kumtia kiwi dereva wa treni. Mwenye waya sakafuni aweza kumwangusha mzee mwenye haraka. Mwenye watu thelathini huziba mlango. Hao wapaswa kuomba, na kulipa, na kukata bima. Mtu mmoja mwenye kamera mkononi hazidi nafasi ya abiria mmoja.

Mafunzo yake

Afrika ya Mashariki imeyatumia maneno yote mawili yaliyotajwa mwanzoni. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 1962 juu ya filamu na michezo ya jukwaani ilidai leseni kwa mtu atakaye kupiga filamu ya kuonyeshwa watu, na mwombaji alitakiwa aeleze matukio yatakayoonekana na maneno yatakayosemwa. Sheria ya Tanzania ya mwaka wa 1976 ilidai kibali kutoka kwa Waziri. Maneno ni mawili lakini wazo ni moja, nalo si lile lililofikiwa New York katika mwaka wa 2008. Hapa huulizwa kwanza yaliyomo katika picha, na baadaye mzigo. Nchi changa zilikuwa na sababu zake: wageni walikuwa wamekuja na kamera miaka mingi, wakaonyesha walichokitaka, nao wenye nchi hawakuwa na kauli juu ya picha zao wenyewe. Kudai kuyaona maandishi kabla ya kupigwa picha kulikuwa namna ya kudai kauli ile. Lakini kisa cha magari yaliyosafishwa chatoa onyo. Atoaye kibali kwa kuangalia yaliyomo huvutwa, hata akiwa na nia njema, apendelee picha iliyo safi kuliko iliyo ya kweli. Na miaka hamsini baadaye watoto wake hawatakuwa na njia ya kujua mabasi, treni na vituo vya wakati wake vilikuwaje.

Imebaki hodi. Katika visa vyote vilivyosimuliwa, kampuni iliulizwa, mamlaka iliulizwa, Meya aliulizwa, mahakama iliulizwa. Abiria hakuulizwa. Kanuni za 2005 na za 2008 zilimwondolea mpiga picha haja ya karatasi, lakini hazikumwondolea haja ya adabu. Na penginepo zimeiongeza, kwa kuwa palipokuwa na ofisi sasa pana watu wawili tu wanaotazamana katika behewa. Mmoja amechoka, anarudi kazini. Mwingine ana kamera. Hapana sheria iwezayo kuandika yatakayopita baina yao. Ofisi yaweza kutoa leseni, na mwenye reli aweza kutoa idhini. Lakini mwenye uso ndiye mwenye nyumba, na kwa mwenye nyumba hupigwa hodi.